Mama Diwani na Kasha la Dawa

Mama Diwani akiingia ofisi ya mkubwa yeyote, hakukaa kwenye kiti alichoonyeshwa. Alisalimia, akashukuru, kisha akakivuta kile kiti taratibu hadi karibu na mlango na kuketi hapo. Akiulizwa, alisema pumzi zinamsumbua, anahitaji hewa. Mimi ni nesi, nilimpima kifua mara nyingi. Mapafu yake yalikuwa mazima kuliko yangu. Siku moja nikamuuliza kwa nini anasingizia ugonjwa.

"Nesi," akaniambia, "mkubwa akichoka kukusikiliza haruki dirishani. Anapita mlangoni. Sasa akipita mlangoni, anikute."

Nilimjua kwa miaka mingi, tangu nilipoletwa zahanati ya kata yao pale Ujiji nikiwa msichana mgeni kutoka Kalinzi, Kiswahili changu kikiwa bado na Kiha kingi hadi wagonjwa wakinicheka. Watu walimwita Mama Diwani alipokuwa diwani, na walipomnyima kura waliendelea kumwita hivyo hivyo. Jina lake la kuzaliwa nililijua, lakini hata mimi nikilitamka naona kama namtaja mtu mwingine.

Kazi iliyomlisha ilikuwa sabuni. Alipika sabuni za mawese uani kwake, nyuma ya soko, katika pipa lililokatwa nusu, na magadi yalikuwa yameikausha mikono yake ikawa migumu kama ya mvuvi. Alipokushika mkono ulijua umeshikwa. Udiwani aliufanya juu ya sabuni, kama mtu anayeimba huku anakoroga. Ungemkuta ana mwiko mkononi, mbele yake amesimama mwananchi mwenye mgogoro wa kiwanja, naye anaamua bila kuacha kukoroga, maana sabuni ikiachwa inakatika.

Kwenye vikao vya halmashauri alilala. Silaumu; mimi mwenyewe nilihudhuria vichache nilipoitwa kutoa taarifa ya afya, na nilijua uzito wa taarifa ya ukataji majani barabarani saa nane mchana. Alikuwa anaegemeza shavu kwenye kiganja, ushungi umeteremka mpaka kwenye nyusi, anakoroma kwa heshima. Lakini mtu akitamka neno "zahanati", jicho moja lilifunguka. Likitamkwa mara ya pili, alikuwa amesimama.

Alikuwa mkali sana nyumbani na mpole sana ugenini. Pale mtaani angeweza kugombana na muuza nyanya mpaka watu wakasimama kutazama. Mbele ya mkuu wa idara alikuwa na sauti ya mwari. "Hasira ni ya nyumbani," alikuwa akisema. "Safarini unabeba adabu, ni nyepesi." Na alikuwa na jozi moja ya viatu vya visigino kwa ajili ya ofisi za juu tu. Alikwenda na malapa mpaka kwenye ngazi, akavivaa hapo, na akitoka akavivua hapo hapo, mbele ya walinzi, bila aibu yoyote.

Rushwa hakutoa. Lakini pia hakuna ofisi aliyokwenda bila kifurushi cha dagaa wakavu au chupa ya mawese. Nilipomwambia kwamba hizo nazo ni rushwa, aliudhika kwa siku nzima. Kesho yake akaja na jibu. "Rushwa unaitoa ili upewe. Mimi dagaa nawapa hata walioninyima." Na ni kweli, nilimwona akimwachia kifurushi karani aliyetufukuza.

Sasa niseme habari ya kasha, maana ndiyo iliyonionyesha yeye ni nani.

Siku zile dawa zililetwa zahanati ndani ya kasha lililofungwa huko juu serikalini. Kasha moja kila mwezi. Waliopanga ukubwa wake walitumia hesabu ya wakazi, na hesabu ile ilikuwa imefanywa kabla majirani zetu hawajaingia vitani. Halafu ikaja ile miaka ambayo hadi leo watu wa Kigoma wanaiita miaka ya wakimbizi. Warundi waliteremka milimani kwa miguu. Wakongo walivuka ziwa kwa mitumbwi, wamejaa na vyombo vyao. Wengi walipelekwa makambini. Lakini wengi vilevile walibaki mjini, kwa ndugu, kwa marafiki, katika vyumba vya kupanga, kwenye mialo ya wavuvi. Ujiji kuna familia ambazo zina shangazi upande huu na mjomba upande ule; utamwambiaje mjomba apitilize kambini?

Homa haikuuliza. Kasha lililokuwa likitosha hadi mwisho wa mwezi, sasa likaanza kuishia katikati.

Asubuhi moja nilisikia vurugu kwenye benchi la wagonjwa. Mvuvi mmoja wa Kasingirima, tukimwita Baba Issa, alikuwa amembeba mwanawe aliyewaka homa. Mbele yake kwenye foleni alikuwepo mwanamke kutoka Uvira, Mama Riziki, naye ana binti yake mdogo mgongoni.

"Nyinyi nendeni kambini," Baba Issa alimwambia. "Huko mna madaktari. Hapa mnatumalizia dawa."

"Baba, mutoto wangu iko na homa sawa na wako," Mama Riziki akajibu polepole.

Sijui nani alimsukuma nani. Benchi lilianguka, watoto wakalia, na watu wakaanza kugawanyika, wa huku na wa kule. Mama Diwani akaingia katikati yao, ananuka mawese.

"Baba Issa, mwanao ana homa tangu lini?"

"Tangu juzi, Mama."

"Na wako, Mama Riziki?"

"Juzi vilevile."

"Basi hawa wawili walipanga kikao bila kutuambia," akasema, na watu wakacheka, na benchi likainuliwa. Kisha akanijia dirishani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nesi, dawa zimebaki za wangapi?"

Nikamwambia zinatosha waliokuwepo pale. Kesho hakuna kitu. Akageuka akakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa, mikono mapajani.

Na jambo ambalo kila mtu kwenye ile foleni alilijua, ni kwamba Mama Riziki alikuwa anaishi uani kwa Mama Diwani. Alifika na watoto wake watatu, akaomba kivuli cha mchana mmoja, na akawa amekaa mpaka akajua kukoroga sabuni kuliko mwenyeji wake. Hawakuwa ndugu. Mama Diwani alikuwa akimnung'unikia kila siku juu ya kuni, juu ya chumvi, juu ya watoto kuchezea pipa, na kila jioni akamwekea sahani.

Kwa hiyo nilishangaa nilipomsikia akizungumza kwenye kikao cha halmashauri kilichofuata. Nilikuwepo, nimeitwa kusoma taarifa ya dawa. Alisimama, akarekebisha ushungi, akasema: "Mheshimiwa Mwenyekiti, kata yangu imezama. Wakimbizi wamejaa kama dagaa kwenye karai. Wanatumalizia dawa, wananchi wetu wanakufa. Serikali Kuu ituone!"

Madiwani walipiga meza. Azimio likapita, likapelekwa mkoani, na mkoa ukalipeleka wizarani. Tulipokuwa tukirudi nilimwambia maneno yake yalikuwa makali mno.

"Maneno matamu hayapandi treni," akanijibu. "Yanaishia stesheni."

Yake yalipanda. Masika yalipokwisha, jibu likaja, na mkurugenzi akalisoma kikaoni. Serikali ilikuwa imesikia kilio cha halmashauri. Kwa kuwa wanaomaliza dawa ni wakimbizi wanaoishi nje ya makambi kinyume cha utaratibu, halmashauri ishirikiane na vyombo vya usalama kuwaondoa mjini. Wakishaondoka, kasha litatosha.

Meza zikapigwa tena. Diwani aliyekaa karibu na Mama Diwani alimpa mkono wa pongezi. Aliupokea ule mkono kama mtu aliyekabidhiwa kitu asichokijua matumizi yake.

Nilifuatana naye hadi kwake, maana nilikuwa na sindano ya kumchoma mtoto mmoja wa Mama Riziki. Jua lilikuwa bado juu. Habari za Ujiji hazingoji mtu. Tulimkuta Mama Riziki anafunga sufuria zake ndani ya kitenge.

"Unakwenda wapi?" Mama Diwani akamuuliza.

"Kambini, Mama. Ama nirudi Uvira. Wanasema ni wewe ulisema tunamaliza dawa."

"Nilisema."

"Ni vile."

"Nilisema ili walete dawa!"

Mama Riziki akaendelea kukaza fundo. "Wao walisikia ingine," akasema.

Mama Diwani angeweza kujitetea, maneno hayakumpungukia kamwe. Badala yake aliinama, akafungua fundo, akatoa sufuria moja na kuirudisha juu ya mafiga. "Kambi haihami," akasema. "Pika kwanza. Na mimi nipe muda nikayafuate yale maneno nikayarudishe."

Hapo ndipo nilipoelewa ile kazi aliyokuwa akiifanya. Nilidhani kwenda kwa wakubwa ni kupaza sauti. Kumbe sauti ukishaipaza, haina anwani; inakwenda kwa yeyote anayetaka kuitumia.

Kulikuwa na mzee mmoja, diwani wa kule kwetu Kalinzi, mkulima wa kahawa, wa halmashauri ya wilaya, si yetu ya mji, na wa chama cha upinzani. Yeye na Mama Diwani walichukiana kwa moyo. Kwenye kampeni alimwita Mama Diwani "sabuni isiyotoa povu", na Mama Diwani akamwita yeye jina ambalo siwezi kuliandika. Juma lilelile Mama Diwani alipanda lori la ndizi lililokuwa linarudi milimani tupu, nami nikiwa naye kwa sababu njia ya kwetu naijua, akaenda kumtafuta.

Tulimkuta anageuza kahawa yake juani. Hakuinuka.

"Leo umekuja kuniibia kura hadi nyumbani?"

"Shikamoo, Mzee. Nimekuja kukuazima."

Mzee akaiweka reki chini. Alisikiliza. Zahanati ya huko juu nayo ilikuwa katika hali ileile. Warundi waliteremka na watoto wenye kuhara, na nesi wa pale, mwenzangu niliyesoma naye, alikuwa ameanza kuwapa maji ya chumvi na sukari anayotoa kwake nyumbani. Mzee akasema atakwenda naye wizarani, kwa sharti moja: Mama Diwani atamke hadharani kwamba ndiye aliyemfuata. Niliona jinsi sharti lile lilivyomkwama kooni. Akalimeza.

Kwenye lori la kurudi nilimuuliza kwa nini asichukue diwani wa chama chake, yule aliyempa mkono. "Ukienda kwa mkubwa na rafiki yako," akasema, "anaona watu wawili wenye njaa. Nenda na mtu mnayegombana naye. Atajua nyumba inaungua kweli."

Mwenyekiti wa halmashauri alikubali shingo upande, nauli zikachangwa, nami nikaongezwa kwenye msafara ili niseme ya zahanati. Mama Diwani na Mzee wa Kalinzi walibishana tangu Kigoma hadi Tabora. Walibishana juu ya bei ya kahawa, juu ya barabara, juu ya nani aliyeanza kumtukana mwenzake. Abiria wa behewa letu walidhani ni mume na mke. Baada ya Tabora walichoka. Kufika Dodoma walikuwa wanakula dagaa kwenye karatasi moja, na Mzee anamwambia kwamba kwa kweli sabuni yake mkewe anaitumia, inatoa povu.

Dar es Salaam tuliambiwa mkubwa hayupo. Kesho yake alikuwepo ila ana kikao. Mama Diwani alivaa viatu na kuvivua kwenye ngazi zile mpaka mlinzi akaanza kumshikia malapa. Hatimaye tukaitwa. Sitamtaja mkubwa yule. Alikuwa mtu mwerevu, amechoka, na mezani kwake kulikuwa na shida za mikoa yote. Mama Diwani akavuta kiti hadi mlangoni na kueleza habari za pumzi zake.

"Mama, jibu tuliwapa," mkubwa akasema. "Mlilalamikia wakimbizi. Tukasema waondoeni. Nini tena?"

"Maneno yale yalikuwa yangu, mheshimiwa. Niliyasema kwa sauti na wenzangu wakapiga meza. Nimekuja kuyachukua nirudi nayo." Sauti yake ilikuwa ile ya mwari. "Shida ni ileile. Ila nililaumu watu, na wa kulaumiwa ni kasha."

"Kwa hiyo mnaomba nini?"

"Hatuombi watu wapungue. Tunaomba dawa zizidi."

Akatabasamu kidogo. Akasema hakuna aliyewahi kuingia mle kuomba dawa zipungue. Kasha linakwenda kwa idadi ya wakazi, nchi nzima. Akivunja kanuni kwa ajili ya Kigoma, kesho atakuwa na foleni ya mikoa.

"Hesabu yenu inauliza nani anakaa kwetu," Mama Diwani akasema. "Tunaomba, kwa hii miaka ya shida tu, iulize nani anaumwa kwetu. Zahanati za mpakani na za ziwani zipewe kwa idadi ya wagonjwa waliotibiwa."

Mkubwa akamgeukia Mzee wa Kalinzi. "Wewe si wa upinzani?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Na huyu mama ndiye aliyenifuata nyumbani, hilo lieleweke." Akamtazama Mama Diwani, aliyetikisa kichwa kukubali. "Hatujapatana hata juu ya mvua. Tukishuka treni nitaendelea kumpinga. Lakini katika hili, ukimpa yeye umenipa mimi."

Ndipo mkubwa akaweka kalamu chini. Aliniuliza mimi kinachotokea dawa zikiisha. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi ya kitaalamu. Nikajikuta namweleza habari za mtoto mmoja tu, mtoto wa mwenyeji wa Rusimbi, si mkimbizi, ambaye mama yake alimleta kasha likiwa tupu. Nilimwelekeza hospitali ya mkoa, akaenda kwa miguu kwenye jua. Alifika amechelewa. Nikamtajia mkubwa jina la mtoto yule. Hakuandika kitu.

Adhana ya adhuhuri ikasikika. Mkubwa akainuka, akasema analichukua suala letu. Alipofika mlangoni alimkuta Mama Diwani.

"Mama, nipishe."

"Nakupisha, mheshimiwa. Niambie tu unakuja lini kutuona."

Akacheka, cheko la mtu aliyekamatwa. Akaahidi kiangazi.

Tulirudi mikono mitupu, na mji haukutuhurumia. Walisema tumekwenda kula nauli. Wengine walisema mabaya zaidi, kwamba Mama Diwani anawatetea Wakongo kwa sababu ana damu yao, kana kwamba nusu ya Ujiji haina. Na ile amri ya kuwaondoa wakimbizi ilikuwa bado kwenye ajenda. Hapo ndipo nilipoona sanaa yake nyingine. Kila kikao, ajenda ile ilipokaribia, yeye aliyekuwa amelala aliamka na kuomba isubiri hadi mgeni wa wizara afike, ili halmashauri isije ikaonekana imemtangulia mkubwa. Nani angetaka kumtangulia mkubwa? Ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena.

Kiangazi mgeni akaja kweli, kwa gari lililojaa vumbi. Mama Diwani alikataza zahanati isipakwe chokaa. Alikataza kwaya ya shule. "Akute tulivyo," akasema, na mimi ndiye niliyeona aibu ya kuta zile. Mkubwa alikaa kwenye benchi lilelile, kati ya mama wa Kirundi aliyemsalimia "amahoro" na kijana wa Kimanyema aliyebeba bibi yake. Akauliza kwa upole kabisa, "Hapa wakimbizi ni akina nani?"

Mama Riziki alikuwepo, ameinamisha kichwa. Kisha Baba Issa, yule mvuvi, akasema kutoka kwenye kona, "Mheshimiwa, sisi hapa wote tuna homa."

Sikujua kama alisema kwa wema au kwa uchovu tu. Sikumuuliza. Lakini nilimwona Mama Diwani akigeuza uso ukutani na kujifuta kwa ncha ya ushungi, na baadaye akasema ni vumbi.

Kabla ya mvua kuanza, zahanati za ziwani na za mpakani zikaanza kupokea makasha mawili badala ya moja, "hadi hali itakapotulia". Shirika moja lililokuwa likihudumia makambi likaelekezwa litenge sehemu kwa ajili ya wenyeji. Likatujengea chumba cha kujifungulia na kuchimba kisima chenye pampu. Kalinzi walipata kasha la pili. Barabara ya kahawa ambayo Mzee aliichomekea mwishoni mwa maombi hawakuipata, naye hakuacha kumlaumu Mama Diwani kwa hilo katika kila mkutano wa hadhara, kama alivyoahidi. Ile amri haikufutwa. Iliahirishwa mpaka ikachakaa. Kuna siku watu walikamatwa sokoni hata hivyo, na Mama Diwani akaenda na viatu vyake vya visigino kuwaombea. Alirudi na wengi wao. Si wote.

Siku kasha la pili lilipoteremshwa, alikuja akalipapasa kwa kiganja, kama unavyompapasa ng'ombe uliyemnunua. Kisha akanigombeza kwa sababu kufuli ya stoo ilikuwa mbovu, akaenda zake. Sabuni ilikuwa motoni.

Uchaguzi uliofuata walimnyima kura. Aliyemshinda alitumia maneno mepesi: kwamba mama huyu alikuwa diwani wa wageni. Nilikwenda kumpa pole, nikamkuta ananyoosha miguu kwenye mkeka, Mama Riziki anamsuka.

"Umeumia, Mama?"

"Wiki nzima, Nesi. Halafu nikagundua naweza kulala mchana bila mtu kusoma taarifa ya majani." Akajicheka mwenyewe. Nilimtafuta machungu usoni, sikuyaona.

Vita viliisha upande ule, vikaanza, vikaisha tena, na Mama Riziki akarudi kwao Uvira. Mimi nilihamishwa, nikazunguka vituo vingi vya mkoa, nikastaafu, nikarudi mjini. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka nilipomkuta asubuhi moja ufukweni Kibirizi, mahali maboti ya Kongo yanapopakia. Alikuwa amezeeka vizuri. Kiuno kilikuwa kimepinda, mikono ilikuwa ileile. Alikuwa anakwenda Uvira, kwenye harusi ya Riziki, yule binti wa mgongoni. Alikuwa amebeba gunia la mchele kwa ajili ya pilau, na amelikalia kama kiti.

Tuliongea mpaka boti likajaa. Nilimuuliza, katika yote aliyoyafanya, lipi humfurahisha akilikumbuka. Nilitarajia aseme kasha, au chumba cha kujifungulia, ambacho hadi leo watoto wanazaliwa humo. Alifikiri kidogo.

"Ile treni," akasema. "Yule mzee wa kwenu. Mungu amrehemu, sijapata mtu wa kubishana naye hivyo tena."

Akapanda boti. Nilisimama majini mpaka vifundoni kumsindikiza, na hapo nikaona anachokiona yeye: boti lilikuwa limezama mno, maji yamekaribia ukingo, na bado vijana walikuwa wanapakia saruji na unga wa watu. Nahodha alikuwa anawasha injini. Mama Diwani akasimama, akashika bega la abiria wa jirani, akasema kwa ile sauti yake ya mwari:

"Nahodha, mwanangu, mzigo umezidi. Tunakuomba upunguze."

"Bibi, kaa chini. Kila mzigo una mwenyewe. Nitamshushia nani?"

Kila abiria akalitazama gunia lake. Nahodha, akidhani amemaliza mjadala, akaongeza, "Au tuanze na la kwako?"

"Tuanze na la kwangu," akasema Mama Diwani.

Vijana wakalinyanyua gunia la mchele na kulirudisha ufukweni, wakaliweka miguuni pangu. Mfanyabiashara mmoja akaguna, akashusha mfuko wake wa saruji. Mwingine akafuata. Boti likainuka polepole, likaonyesha mstari wa rangi uliokuwa umefunikwa na maji.

"Mama, na harusi?" nikamwita. Injini ilikuwa tayari inanguruma.

Akaweka mikono mdomoni ili nimsikie. "Watakula ugali wa muhogo!" akapaza sauti. "Ndoa itadumu! Huo mchele pika wewe!"